MUZIKI WA BARAZANI NA JINA LA MWIMBAJI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Jumamosi jioni, katika jumba la chama)



 Desturi ya chama chetu ni kwamba msemaji wa Jumamosi huchagua jambo lenye kuwafaa makarani, kama vile mishahara, vyeo, nyumba au elimu ya watoto. Sisi tumechagua muziki. Tena si ule wa dansi mnaoupenda wengi wenu, bali ule wa taratibu na wa sauti ya chini, ambao vijana huuita muziki wa kupoa. Tangazo lilipobandikwa ubaoni wako waliocheka, na mmoja akaandika chini yake kwa kalamu ya risasi kwamba wanachama waje na mito yao. Hatukukasirika. Twamwomba ndugu huyo akae macho mpaka mwisho, maana hotuba hii haikuanza kwa usingizi. Ilianza kwa kukosa usingizi.

Mwaka jana, wakati wa kufunga hesabu, tulikaa ofisini hadi usiku kwa muda wa majuma mawili. Yeyote aliyepata kutafuta shilingi mia tatu zilizopotea katika kurasa mia za hesabu aijua hali tuliyorudi nayo nyumbani. Mwili ulikuwa kitandani, lakini tarakimu zilikuwa zikipanda na kushuka machoni. Usiku mmoja, yapata saa nane, mwana wetu aliye mwanafunzi wa sekondari alitukuta tumeketi barazani peke yetu. Akaja akaketi nasi, akaiweka simu yake juu ya meza, akafungua muziki. Palikuwa na mdundo wa polepole, na besi ya chini kama mtu atembeaye juu ya mchanga, na kinanda kidogo, na sauti ya mwanamke iliyokuja na kuondoka katika lugha tusiyoijua. Hapana aliyesema neno. Baada ya nusu saa tulitambua kwamba tumeacha kuhesabu.

Tukamwuliza, "Mwanangu, ni nani huyu aimbaye?" Akaitazama simu yake, akajibu, "Baba, hapakuandikwa jina. Imeandikwa tu kwamba ni muziki wa kupumzikia."

Basi twataka kusema mambo mawili. La kwanza, kwa nini muziki huu wawavuta watu. La pili, kwa nini jibu lile la mtoto lisimridhishe karani.

Kwanza tuujue wenyewe. Waingereza na Wamarekani huuita kwa jina la chumba, yaani ukumbi wa mapumziko wenye viti vya kuegemea. Na sisi kwa Kiswahili tuna neno letu la zamani, nalo ni baraza. Muziki huu haukufanywa kwa ajili ya miguu, wala kwa ajili ya jukwaa. Umefanywa kwa ajili ya mtu aliyekaa, akisubiri jua lizame, au akizungumza na mwenziwe. Tena si wa kabila moja. Mpigaji wake huchukua gitaa la Brazili, ngoma ya Bara Hindi, besi ya Jamaika na tarumbeta ya jazi ya Marekani, akavitia vyote katika chungu kimoja na kuvipika kwa moto mdogo.

Jina la kupoa lilipata nguvu London. Katika 1989 palikuwa na klabu iitwayo Heaven, ambamo vijana walicheza usiku kucha muziki wa mashine wenye mapigo 120 na zaidi kwa dakika. Mpiga santuri Paul Oakenfold, aliyeandaa usiku ule, aliwapa wenziwe Alex Paterson na Jimmy Cauty chumba cha kando, ili waliochoka wapate mahali pa kuvuta pumzi. Humo wakapiga santuri za polepole, mara nyingi bila ngoma kabisa. Mwaka uliofuata, 1990, Cauty na mwenziwe Bill Drummond, waliojiita The KLF, wakatoa albamu yao *Chill Out*, ambayo ni kama safari ya kubuni ya usiku toka Texas hadi Louisiana, yenye milio ya treni na ya kondoo. Hivyo muziki huu, uliodhaniwa kuwa wa wavivu, ulizaliwa kama chumba cha wagonjwa karibu na uwanja wa vita.

Wakati ule ule, katika kisiwa cha Ibiza nchini Hispania, palikuwa na mkahawa uitwao Café del Mar, uliofunguliwa mwaka 1980 katika mji wa Sant Antoni, mbele yake bahari ya magharibi. Huko alifanya kazi José Padilla, aliyefariki mwaka 2020. Kazi yake ilikuwa kuchagua nyimbo kwa kadiri jua lilivyokuwa likishuka, hata likazama, na watu wakapiga makofi. Kwanza aliuza kanda alizozichanganya mwenyewe. Ndipo mwaka 1994 ikatoka diski ya kwanza yenye jina la mkahawa ule, ikafuatwa na nyingine nyingi. Paris nao wakawa na Buddha Bar tangu 1996, na diski zake tangu 1999, alizozianzisha Claude Challe, mzaliwa wa Tunisia. Mjini Washington, Rob Garza na Eric Hilton walianza kazi yao mwaka 1995 kwa jina la Thievery Corporation, katika ukumbi wa mapumziko uitwao Eighteenth Street Lounge.

Lakini mizizi ni ya zamani zaidi. Huko Paris, mwaka 1920, Erik Satie alitunga muziki alioufananisha na samani za nyumba: uwepo chumbani kama kiti kilivyopo, wala mtu asiusikilize. Ulipopigwa kati ya sehemu za mchezo, watu wakanyamaza kwa adabu wapate kusikiliza. Satie akazunguka ukumbini akiwasihi waongee, watembee, wasisikilize! Na huko Honolulu, katika miaka ya 1950, Martin Denny na wenziwe walipiga kinanda katika baa iliyokuwa karibu na kidimbwi. Vyura wakaitikia. Wapigaji wakajibu kwa kuigiza milio ya ndege, wageni wakafurahi, na mwaka 1957 ikatoka albamu iitwayo *Exotica*.

Sasa twauliza: ni kitu gani chavuta? Tumeona mambo manne.

Jambo la kwanza ni mwendo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Muziki wa dansi wa London ulikuwa juu ya hapo. Huu wa barazani aghalabu hushuka ukawa sawa na moyo au karibu nao. Kwa hiyo msikilizaji hasukumwi, bali hufuatana nao kama watu wawili watembeao njia moja. Karani aliyekimbizwa mchana kutwa na kengele ya simu hahitaji kukimbizwa tena jioni.

Jambo la pili ni sauti ya karibu. Zamani mwimbaji alipaswa kuipeleka sauti yake mpaka kiti cha mwisho cha ukumbi. Kilipokuja kipaza sauti, aliweza kuimba kama asemaye na mtu mmoja. João Gilberto wa Brazili, mwaka 1958, aliimba *Chega de Saudade* kwa sauti ndogo na gitaa jepesi, na namna ile ya bossa nova ikaenea ulimwenguni. Mkewe, Astrud, ambaye hakuwa mwimbaji wa kazi, aliimba katika albamu ya *Getz/Gilberto* iliyotoka 1964, na sauti yake isiyo na pambo ndiyo watu wengi waikumbukayo, ijapokuwa jina la albamu lilikuwa la wanaume wawili. Baadaye akaja Sade, aliyezaliwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1959, akakulia Uingereza. Albamu yake *Diamond Life* ya 1984 yasikika hata leo penye taa hafifu na watu wawili mezani. Sauti yake ina joto la jioni, joto la jiwe lililoshinda juani. Wako wazee wasemao kwamba hayo ni mambo ya mahaba na ya mabaa. Ni kweli ni mahaba. Lakini mahaba yaliyosemwa kwa staha si aibu, na watu wa pwani yetu wameyaimba hivyo kwa zaidi ya miaka mia mbele ya wazee waliovaa kanzu.

Jambo la tatu ni kule kuchanganya. Mtu aliyekaa huweza kusafiri: wimbo wa kwanza yuko Rio, wa pili yuko Bombay, wa tatu yuko Kingston, na kiti chake hakijasogea. Nasi tusijifanye wageni wa jambo hili. Taarab yetu ni nini ila mchanganyiko? Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, aliutaka muziki wa Misri katika jumba lake. Kikundi cha Ikhwani Safaa kikaundwa mwaka 1905. Na katika ala zao mna udi na kanuni za Waarabu, fidla za Ulaya na ngoma za kwetu, na mahadhi ya Bara Hindi hayakosi. Tena taarab husikilizwa kwa kukaa. Neno lenyewe, katika asili yake ya Kiarabu, lahusu kule kuguswa moyo kunakompata msikilizaji. Mswahili hafundishwi barazani namna ya kukaa.

Jambo la nne ni nafasi. Mwingereza Brian Eno, mapema mwaka 1975, aligongwa na teksi, akawa hajiwezi kitandani. Rafiki akamletea santuri ya kinubi, nayo ikawekwa katika mashine. Sauti ilikuwa chini mno, spika moja ilikuwa haifanyi kazi, na mvua ilikuwa ikinyesha. Naye hakuweza kuinuka kurekebisha. Akalala akisikiliza kinubi na mvua kama kitu kimoja, ndipo akaona kwamba muziki waweza kuwa sehemu ya mahali, kama mwanga ulivyo. Mwaka 1978 akatoa *Ambient 1: Music for Airports*, akitaka muziki utakaomwachia msafiri nafasi ya kufikiri, autie maanani au asiutie, kama apendavyo. Wengi wetu twaishi bila nafasi hiyo. Ofisini mna kelele, basini mna kelele, nyumbani mna televisheni. Muziki uachao nafasi ni zawadi kwa mtu wa namna hiyo.

Hizo ndizo sifa zake. Sasa twaja kwenye hitilafu yake, nayo ni kwamba muziki unaokubali kutosikilizwa huweza pia kukubali mwimbaji wake asijulikane.

Sikilizeni habari hii, maana ni kweli tupu. Katika kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, bahari ya Pasifiki, palikuwa na mwanamke wa kabila la Baegu aitwaye Afunakwa. Karibu na mwaka 1970 mtaalamu Hugo Zemp alinasa sauti yake akiimba wimbo wa kumbembeleza mtoto, nao ni wimbo wa yatima anayeliwazwa kwa kufiwa na wazazi. Sauti ile ikatolewa katika mkusanyiko wa santuri za UNESCO, na Zemp aliliandika jina la mwimbaji. Mwaka 1992 Wafaransa wawili waliojiita Deep Forest wakaichukua sauti ya Afunakwa, wakaitandikia mdundo wa polepole na vinanda vya mashine, wakaiita *Sweet Lullaby*. Albamu yao ikauzwa kwa mamilioni, na wimbo ule ukatumika katika matangazo ya biashara. Jina la Afunakwa halikuandikwa. Zemp alilalamika hadharani; lakini lalamiko haliendi mbali kama wimbo uendavyo.

Hayakuishia hapo. Albamu ile ilitangazwa kuwa ya sauti za watu wa misituni wa Afrika ya Kati, wale ambao vitabu vya Wazungu viliwaita Pygmies. Basi mwaka 1996 mpiga saksafoni mashuhuri wa Norway, Jan Garbarek, aliupiga wimbo ule ule katika albamu yake *Visible World*, akauita *Pygmy Lullaby*. Mama wa Pasifiki akafanywa mtu wa Afrika! Ndugu makarani, kosa hili twalijua. Faili liliwekwa katika rafu isiyo yake, jina likadondoka, na karani wa pili akanakili kosa la wa kwanza kwa mwandiko mzuri zaidi.

Sisi hatusemi kwamba kuchanganya ni wizi. Lau ingekuwa hivyo, hata taarab ingeshtakiwa. Twasema kwamba achukuaye sharti aandike amechukua kwa nani, na apatae faida sharti akumbuke kuna wa kugawana naye. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje asiyejulikana kwao ni wapi?

Linganisheni na Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, katika nyumba maskini, akauza vyungu kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenziwe, sauti yake ikatiwa katika santuri za His Master's Voice, nazo zikasikika pwani yote na bara. Mali hatusemi, lakini jina lake liliandikwa kwenye santuri, na kwa jina lile watoto wa maskini waliona kwamba mtu wa kwao aweza kusikika. Na aliyeandika wasifu wake alikuwa nani? Shaaban Robert, aliyeingia kazi ya serikali mwaka 1926 katika idara ya Forodha. Alikuwa karani, ndugu zangu. Mchana aliandika vitu vya wenye meli. Na kwa kalamu ya namna ile ile aliandika maisha ya mwimbaji, nasi tunayo mpaka leo. Afunakwa alikosa karani wa namna hiyo pale wimbo wake ulipopita toka mkono hadi mkono.

Tukiwa karibu na mwisho, twaomba ruhusa tukumbushe jambo linalotuhusu humu jumbani. Mnaikumbuka karamu ya kumwaga mzee wetu aliyestaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Aliposimama atueleze alivyoanza kama tarishi, vipaza sauti vilikuwa vimefunguliwa mno, na aliyekuwa kwenye mashine hakumwona. Mzee alisema kwa muda wa dakika tano hivi, midomo yake ikaonekana ikienda, kisha akatabasamu akakaa. Hatukumsikia. Lawama si ya mtu mmoja. Ni yetu sote tulioendelea kutikisa vichwa. Maneno yale hayatarudi tena, maana mzee amehamia kijijini kwake, nako ni mbali.

Kwa sababu hiyo, Bwana Rais, tumeleta mbele ya kamati maombi matatu, nayo yatapigiwa kura katika mkutano wa mwezi ujao. La kwanza, saa ya mwisho ya kila Jumamosi, tangu saa tatu hadi saa nne ya usiku, iwe ya muziki wa barazani, ili wanachama wapate kuzungumza na wazee wapate kusikika. Hatuondoi dansi, twaomba saa moja tu. La pili, sauti iwe chini kiasi cha mtu kumsikia aliye upande wa pili wa meza. La tatu, na hili ndilo lenye uzito kwetu, pawe na daftari karibu na mashine. Na yeyote apigaye wimbo aandike jina la wimbo, la mwimbaji na nchi yake. Asiyejua atafute. Asiyepata baada ya kutafuta aache mstari wazi, ili mwingine ajaye aujaze.

Mwana wetu alipoisikia habari ya Afunakwa alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutafuta jina la mwanamke yule aliyetuimbia saa nane ya usiku. Hajalipata bado. Mstari wake umeachwa wazi katika daftari letu la nyumbani, nasi kila tuusikiapo wimbo ule twaukumbuka mstari huo. Usingizi ametupa, shukrani yetu hatujui tuipeleke wapi.

Hayo ndiyo machache tuliyokuwa nayo. Tukikosa neno, wazee watusahihishe. Na yule ndugu wa mto, kama yu macho, twamkaribisha awe wa kwanza kuuliza swali.